Dar es Salaam hadi Malindi kwa gari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Njia inayozungumziwa hapa ni ile inayokumbatia bahari: Dar, Bagamoyo, Saadani, Pangani, Tanga, mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga, Diani, Mombasa, Kilifi, Watamu, Malindi. Kama shida yako ni kufika Mombasa haraka tu, panda basi.

## Kabla ya kuwasha gari

Ni kilomita ngapi kwa jumla?

Kama 600. Dar hadi Bagamoyo ni 65 hivi, Bagamoyo hadi Tanga kwa kupitia Saadani na Pangani ni kama 250, Tanga hadi mpakani ni 65 hivi, mpakani hadi Mombasa ni kama 100, na Mombasa hadi Malindi ni 120. Ukizitazama namba hizo unaweza kudhani ni kazi ya siku mbili. Kwa kuendesha tu, inawezekana; ila utapita kando ya karne nane za historia ukitazama matuta ya barabarani.

Basi nitenge siku ngapi?

Nane hadi kumi. Usiku mmoja Bagamoyo, mmoja au miwili Pangani, mmoja Tanga, miwili Diani, miwili Mombasa, na zinazobaki ni za Watamu na Malindi. Mwenye siku nne asivuke mpaka: aende Bagamoyo, Pangani na Tanga, arudi kwa barabara kuu ya Segera. Kubana safari nzima ndani ya siku nne ni kulipia hoteli za kulala tu.

Msimu gani unafaa?

Epuka masika, kuanzia Machi mwishoni hadi Mei. Barabara za udongo hulainika, na hoteli kadhaa za ufukweni hufunga kwa matengenezo. Juni hadi Septemba ni wakati wa kusi: hewa nzuri, joto la kuvumilika, ila upepo una nguvu na boti hurushwarushwa. Desemba hadi Februari ni kaskazi: joto kali, bahari tulivu zaidi, maji maangavu kwa anayetaka kutazama samaki. Krismasi na mwaka mpya bei hupanda Diani na Watamu bila huruma. Mimi ningechagua Januari katikati hadi Februari mwishoni, au Septemba wakati kusi imeanza kuchoka.

Mbona kila mtu anasisitiza niangalie maji kujaa na kupwa?

Kwa sababu pwani hii bahari huondoka. Tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa wakati wa bamvua hufika zaidi ya mita tatu, na penye ufukwe tambarare bahari hurudi nyuma mamia ya mita. Mgeni anafika hotelini saa nne asubuhi, anakuta matope, miamba na kina mama wanaookota chaza, anaanza kulalamika kwamba picha zilimdanganya.

Kanuni ni rahisi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndipo bamvua: maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi na kujaa sana mnamo saa kumi alasiri. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo baada ya wiki moja, wakati wa maji mafu, mambo yamegeuka: asubuhi ya saa nne maji yamejaa, ingawa si kwa kishindo. Ukijua tarehe ya mwezi unajua lini ukaoge, lini utembee miambani, na lini uache bahari uende magofuni. Mimi hupanga safari nzima kwa kalenda ya mwezi, na hoteli hufuata. Utaona hapa chini inavyogusa Maziwe, Mida na Gazi.

Gari dogo linaweza?

Tanga hadi Malindi, ndiyo, bila wasiwasi. Bagamoyo hadi Pangani inategemea mvua na hali ya ujenzi (tazama swali linalofuata). Gari lililonyanyuka kidogo linakupa amani ya moyo. Vyovyote iwavyo, beba tairi la akiba lenye upepo, jeki inayofanya kazi, pembetatu mbili za kuakisi mwanga, mtungi wa kuzimia moto na kisanduku cha huduma ya kwanza. Trafiki wa nchi zote mbili huviulizia.

## Barabara

Kipande cha Bagamoyo hadi Pangani kinapitika?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote. Barabara hii ni sehemu ya mradi mkubwa wa kuunganisha Bagamoyo na Malindi, ambao Benki ya Maendeleo ya Afrika ni mmoja wa wafadhili wake, na imekuwa ikijengwa kwa lami kipande kwa kipande. Maana yake, jibu la mwaka jana si jibu la leo. Ukiwa Bagamoyo waulize madereva wa malori na wa noah (gari ndogo za abiria) zinazotoka upande wa Mkwaja. Wao wanajua daraja gani limefunguliwa na wapi kuna mchepuko wa vumbi. Ramani ya kwenye simu isikutie jeuri.

Mvua ikiwa imenyesha kweli, achana nayo. Toka Bagamoyo kwa lami hadi Msata, ingia barabara kuu ya Segera, pita Muheza ununue machungwa, fika Tanga, kisha shuka Pangani kwa kilomita 50 hivi. Ni mzunguko mrefu, lakini unafika.

Nikipita Saadani nalipa kiingilio?

Ukiingia ndani ya hifadhi, ndiyo; ni Hifadhi ya Taifa chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa Tanzania, tangu 2005. Malipo hayapokewi kwa fedha taslimu, kwa hiyo uwe na kadi au pesa kwenye simu. Ni hifadhi pekee ya taifa Tanzania bara ambapo nyika inakutana na Bahari ya Hindi. Wakati mwingine tembo huacha nyayo kwenye mchanga wa ufukweni, na Mto Wami una viboko na mamba. Usitegemee wingi wa wanyama kama wa Serengeti; utavunjika moyo. Mbung'o wapo, na wanapenda nguo za buluu iliyokolea na nyeusi. Vaa rangi ya udongo.

Saadani yenyewe kama mji ilikuwa bandari ya misafara, na mtawala wake Bwana Heri aliwasumbua Wajerumani sana katika vita vya 1888 na 1889. Leo ni kijiji cha wavuvi.

Mto Pangani navuka vipi?

Kwa kivuko, kati ya Bweni upande wa kusini na mji wa Pangani. Daraja limekuwa likijengwa. Ukilikuta limefunguliwa utavuka juu. Kwa kivuko, fika kabla ya jioni na uwe na subira: siku ya gulio foleni huwa ya pikipiki, magunia na mbuzi. Ni dakika chache majini, lakini mandhari ya mji wa kale ukiukaribia kutoka mtoni ndiyo mandhari bora ya mjini katika safari nzima.

Naweza kuendesha usiku?

Usifanye hivyo. Bodaboda zisizo na taa, ng'ombe, malori yaliyoharibika na kuwekewa matawi barabarani badala ya pembetatu. Panga uwe umefika ifikapo saa kumi na moja jioni.

Trafiki na mwendo?

Penye makazi ni kilomita 50 kwa saa, nchi zote mbili. Upande wa Tanzania kibao cha 50 huanza mapema kabla ya nyumba ya kwanza na kile cha kuondoa huchelewa hadi baada ya nyumba ya mwisho. Askari mwenye tochi ya kupima mwendo anajua hivyo vizuri kuliko wewe. Ukisimamishwa, zima redio, salimia, toa leseni. Ukiandikiwa faini, dai ya maandishi yenye namba ya kulipia, si ya mkononi.

Mafuta?

Jaza Bagamoyo, jaza tena Tanga. Katikati yake usitegemee. Kuanzia Ukunda, mji wa karibu na Diani, kwenda mbele sheli zimejaa.

## Mpakani

Nyaraka gani zinahitajika kuvuka Horohoro?

Kituo ni cha pamoja: unamaliza uhamiaji na forodha za nchi zote mbili kwenye jengo la upande unaoingia. Kwa Mtanzania, pasipoti au hati ya dharura ya safari. Kitambulisho cha taifa pekee hakitoshi. Wapo wanaorudishwa kwa kuamini kwamba Afrika Mashariki sasa ni moja. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mfukoni, maana huulizwa siku ambayo umeiacha nyumbani.

Kwa gari: kadi halisi ya usajili, leseni yako, bima ya COMESA ile ya kadi ya njano, na kibali cha muda cha kuingiza gari utakachopewa na forodha. Bima ya kawaida ya Tanzania haivuki mpaka. Kata kadi ya njano kwa kampuni yako ya bima kabla ya kuondoka. Gari likiwa na jina la mtu mwingine, hata la mume au mke wako, beba barua yake ya ruhusa iliyogongwa muhuri wa wakili.

Gari la kukodi je?

Kampuni nyingi zinakataza kuvuka mpaka. Zinazokubali hutoa barua na kutoza zaidi. Uliza kabla hujalipa, na upate jibu kwa maandishi. Ikishindikana, kodi gari hadi Tanga, vuka kwa basi, kodi lingine Mombasa. Si aibu, na mara nyingine ni nafuu.

Nina mgeni mwenye pasipoti ya Ulaya. Ile viza moja ya Afrika Mashariki inamtosha?

Hapana. Viza hiyo ni ya Kenya, Uganda na Rwanda, Tanzania haimo. Anahitaji viza ya Tanzania na kibali cha mtandaoni cha kuingia Kenya, na avishughulikie kabla ya safari.

Mifuko ya plastiki?

Kenya ilipiga marufuku Agosti 2017, Tanzania Juni 2019. Toa mifuko yote garini, pamoja na ile uliyofungia viatu.

Pesa nibadilishe wapi?

Kiasi kidogo cha kuanzia badilisha kwenye duka rasmi mpakani, si kwa kijana anayekufuata dirishani. Upande wa Kenya utalipa karibu kila kitu kwa simu. Hifadhi za wanyamapori za Kenya hulipiwa kwa njia ya mtandao wa serikali, kwa hiyo pata laini ya Kenya mapema.

## Miji ya kale na magofu

Magofu yote si yanafanana? Nichague yapi?

Ukitazama kuta tu, ndiyo, ni mawe ya matumbawe na chokaa kila mahali. Ukitazama mahali yalipo, hapana. Mwenye nafasi ya matatu aende Kaole, Tongoni na Gede.

Kaole iko kilomita chache kusini mwa Bagamoyo: msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo, karibu na mikoko iliyoziba bandari ya zamani. Tongoni, kusini mwa Tanga kwenye barabara ya Pangani, ina makaburi kama 40, mengi yamelala kwenye nyasi, na mara nyingi utakuwa peke yako na mlinzi wa mahali hapo. Vasco da Gama alitia nanga eneo hilo mwishoni mwa karne ya 15.

Gede ni jambo jingine kabisa. Ni mji mzima ndani ya msitu: kasri, misikiti, visima, vyoo, mizizi imeshika kuta. Watu waliuhama katika karne ya 17 na mpaka leo wataalamu wanabishana kwa nini; visima kukauka na mashambulizi ndiyo maelezo yanayotajwa zaidi. La ajabu ni kwamba Wareno waliishi Malindi, mwendo wa kilomita 16 hivi, na hawakuandika neno juu yake. UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia 2024. Ficha ndizi zako, kima wa pale hawaombi.

Ukibakiwa na muda ongeza Jumba la Mtwana karibu na Mtwapa, ambako msikiti unatazama bahari, na Mnarani juu ya hori la Kilifi.

Bagamoyo si karibu sana kulala?

Watu wa Dar huenda asubuhi, wakala pweza, wakarudi jioni. Ndiyo maana hawaijui. Mchana mmoja hautoshi Kaole, misheni ya Wamisionari wa Roho Mtakatifu iliyoanza 1868, Boma la Wajerumani na mitaa ya milango ya kuchongwa. Misheni ndipo mwili wa Livingstone ulipolazwa Februari 1874 baada ya wasaidizi wake kuubeba kutoka mbali ndani ya bara. Bagamoyo pia ndipo Emin Pasha, gavana wa zamani wa kusini mwa Sudan aliyeokolewa na Stanley kwa gharama kubwa ya roho za watu, alipoanguka kutoka ghorofani usiku wa sherehe ya kuokolewa kwake, Desemba 1889.

Pangani kuna nini hasa?

Mji uliochakaa kwa heshima. Abushiri bin Salim aliyeongoza vita dhidi ya kampuni ya Kijerumani alinyongwa hapa Desemba 1889. Boma na maghala ya zamani yapo, mengine yanaporomoka. Asubuhi tembea ukingo wa mto, halafu panga boti ya kwenda Maziwe, kisiwa cha mchanga kilichopoteza miti yake yote. Maziwe huonekana maji yakipwa na humezwa maji yakijaa, kwa hiyo nahodha ndiye anayepanga saa ya kuondoka.

Tanga nisimame wapi?

Njiani kutoka Pangani, Machui, alikozikwa Shaaban Robert mwaka 1962. Mjini, majengo ya Kijerumani, baiskeli, na Raskazone kwa kuogelea jioni. Hapa Novemba 1914 jeshi la Waingereza lililotoka India lilishindwa na kikosi kidogo cha Wajerumani na askari wao Waafrika, na nyuki nao wakaingia vitani. Mapango ya Amboni yako kaskazini mwa mji kando ya njia ya Horohoro, kwa hiyo yaache kwa siku ya kuvuka mpaka.

Mji wa Kale wa Mombasa, gari niliache wapi?

Hotelini, au maegesho karibu na Fort Jesus. Vichochoro si vya gari. Ngome ilijengwa na Wareno kuanzia 1593, Waomani wakaizingira 1696 hadi wakaitwaa 1698, Waingereza wakaigeuza gereza. Beba kitambulisho, raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio cha chini.

Nivae nini, na Ramadhani itakuwaje?

Nguo za kuogea zibaki ufukweni. Ndani ya miji funika mabega na magoti. Kanga moja garini inamaliza kazi. Ramadhani mikahawa mingi ya Pangani na Mji wa Kale hufungwa mchana, ila magharibi ikiingia utakula kuliko mwezi mwingine wowote.

## Ufukweni

Ushongo, Diani, Watamu au Malindi?

Ushongo, kusini mwa Pangani, kwa anayetaka ukimya na hajali umeme ukikatika. Diani kwa mchanga mweupe na hoteli za kila bei. Mbega weusi kwa weupe huvuka barabara kwa ngazi za kamba walizotundikiwa juu. Watamu kwa samaki na matumbawe: hifadhi yake ya bahari, pamoja na ya Malindi, ilianzishwa 1968, na hori la Mida lina daraja la mbao kupita mikokoni, zuri zaidi maji yakianza kujaa. Malindi ni mji zaidi ya ufukwe, na pitsa zake ni za kweli kwa sababu ya Waitalia waliohamia.

Mimi ningelala Watamu na kwenda Malindi mchana.

Kwa nini maji ya Malindi yana rangi ya chai?

Mto Sabaki unamwaga udongo kaskazini mwa mji. Baada ya mvua huwezi kuukwepa, sogea Watamu.

Lazima nilale hoteli ya kifahari ili nipate ufukwe?

Hapana. Kenya ufukwe ni wa umma, na Mombasa kuna ule wa Jomo Kenyatta pale Bamburi, ambao Jumapili hujaa familia, maboya ya matairi na wauza kachiri. Vijana wanaouza safari za boti watakufuata, hasa Diani. Kataa mara moja, kwa salamu na bila hasira. Kiswahili chako pekee hushusha bei.

Watoto watachoka?

Wakikaa garini zaidi ya saa tatu, ndiyo. Wape Haller Park, iliyokuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, na Gazi, ambako kina mama wa kijiji huendesha njia ya mbao ndani ya mikoko. Nenda maji yakiwa yamejaa kiasi.

Tule nini?

Tanga mihogo na samaki wa kupaka. Mombasa mahamri na mbaazi asubuhi, viazi karai jioni. Madafu kila mahali.

## Yasiyo ya kawaida

Kivuko cha Likoni kinaepukika?

Ndiyo, kwa barabara ya Dongo Kundu inayotoka upande wa Kwale hadi Miritini bila kugusa kisiwa. Ukiwa unaelekea Mji wa Kale na si saa ya watu kutoka kazini, bado ningevuka Likoni.

Kutoka Mombasa kwenda Kilifi mbona huchukua muda mrefu?

Mtwapa. Upanuzi wa barabara na foleni. Ondoka kabla ya saa moja asubuhi.

Naweza kuvusha gari langu Zanzibar?

Boti za mwendo kasi ni za abiria. Liache Dar, na uiweke Zanzibar kama safari ya peke yake.

Niunganishe Kilwa?

Iko kusini mwa Dar, upande wa pili kabisa. Inastahili safari yake.

Kutoka Malindi niendelee hadi Lamu?

Lami ipo hadi Mokowe, ambako gari hubaki na wewe huvuka kwa boti, kwani kisiwa cha Lamu karibu hakina magari. Suala ni usalama wa kipande cha kati ya Garsen na Lamu, ambako kumekuwa na mashambulizi. Uliza polisi Malindi siku hiyohiyo, fuata utaratibu watakaokupa, na ukisikia kusita katika jibu lao, panda ndege.

Narudi kwa njia ileile?

Si lazima. Unaweza kupita Mombasa, Voi na Taveta ukaingia Tanzania kwa Holili, kisha Moshi. Ni lami yote, ila kati ya Mombasa na Voi malori ni mengi. Mweleze ofisa wa forodha wa Lunga Lunga mapema kwamba utatokea Holili, na ukifika huko hakikisha kibali cha gari kimefungwa kwenye mfumo kabla hujaondoka. Kikiachwa wazi, safari ijayo utaambiwa gari lako bado liko Kenya.